Shamba Lako Marekani na Mpango wa CRP: Jinsi ya Kuamua Kabla ya Kutia Sahihi

Serikali ya Marekani hulipa wenye mashamba kila mwaka ili sehemu ya ardhi yao ipumzike: waache mahindi na soya, waoteshe nyasi, maua au miti. Mpango huo ni Conservation Reserve Program, na wakulima wote huuita CRP. Ulianzishwa na sheria ya kilimo ya mwaka 1985, na unaendeshwa na Farm Service Agency, yaani FSA, ofisi ya Wizara ya Kilimo ambayo utaikuta katika kaunti nyingi zenye kilimo.

Wapo ndugu zetu wanaomiliki ekari Iowa, Missouri, Kansas au Minnesota. Wengine wamenunua wenyewe, wengine wameoa au kuolewa katika familia za wakulima na sasa ni warithi, na kuna vyama vilivyochanga vikanunua shamba kwa jina la kampuni. Mtu wa aina hiyo, siku moja jirani au mpangaji atamuuliza: "Ule mteremko wako, mbona huuweki CRP?" Swali ni zuri, ila halijibiwi kwa simu moja.

Msimamo wangu nautoa mapema. Wenye mashamba wengi wangefaidika kwa kuandikisha vile vipande vinavyokula mbegu na mbolea bila kurudisha, na kuendelea kulima kwingine kote. Shamba zima ni suala jingine, na mara nyingi mtu analiingiza kwa sababu yuko mbali na hataki usumbufu. Hiyo si sababu ya kutosha kwa mkataba wa miaka 10 hadi 15.

Hatua ya 1: Jua unaingilia mlango gani

CRP ina milango mitatu, na watu wengi huchanganya masharti yake.

Uandikishaji wa jumla hutangazwa kwa muda maalumu, na maombi hushindanishwa. Kila ombi hupewa alama kwa kuangalia faida kwa wanyama na ndege, usafi wa maji, mmomonyoko, hewa, udumu wa manufaa hayo, na gharama kwa serikali. Mashamba mazima kwa kawaida hupitia hapa.

Uandikishaji endelevu hauna mashindano. Ni wa vipande vidogo vyenye manufaa makubwa: ukanda wa nyasi kando ya kijito, njia ya maji iliyooteshwa nyasi, mistari ya miti ya kukinga upepo, ardhioevu, maua ya nyuki na vipepeo. Kipande kikitimiza masharti na nafasi ikiwepo, kinaingia.

Mlango wa tatu ni wa malisho. Humo unaendelea kulisha ng'ombe na kukata majani, ila huruhusiwi kugeuza ardhi hiyo kuwa shamba la mazao.

Sheria ya kilimo ya mwaka 2018 iliweka kikomo cha ekari milioni 27 kwa nchi nzima, na kwa kawaida CRP haitakiwi kuchukua zaidi ya asilimia 25 ya ardhi ya mazao ya kaunti moja. Sheria hiyo imekuwa ikirefushwa kwa vipindi. Kwa hiyo kabla ya yote, piga simu FSA ya kaunti shamba lilipo uulize mambo mawili: mlango upi uko wazi sasa hivi, na kama kaunti bado ina nafasi.

Hatua ya 2: Hakikisha ardhi inastahili, nawe unastahili

Kwa milango miwili ya kwanza, ardhi iwe imelimwa mazao angalau miaka 4 kati ya 6, kuanzia 2012 hadi 2017, na iwe bado inalimika. Usiogope kama umenunua majuzi: historia inayoangaliwa ni ya ardhi yenyewe. Iko kwenye kumbukumbu za FSA chini ya namba ya shamba, na mwenye shamba ana haki ya kuiomba.

Wewe mwenyewe unatakiwa uwe umelimiliki shamba angalau miezi 12 kabla ya kuomba. Aliyerithi kwa kifo cha mwenye mali husamehewa sharti hilo.

Kuhusu uraia, mwenye green card anahesabiwa sawa na raia. Asiye raia wala mwenye green card ana masharti magumu zaidi ya malipo. Tena sheria ya mwaka 1978 inamtaka aripoti ununuzi wa ardhi ya kilimo kwa Wizara ndani ya siku 90, na faini ya kunyamaza inaweza kufika asilimia 25 ya thamani ya ardhi. Kama jambo hili linakugusa, maliza nalo kwanza, CRP ije baadaye.

Chama kilichonunua kwa jina la kampuni kitatakiwa kutaja kila mwanachama na hisa zake. Malipo ya pango ya CRP yana kikomo cha dola 50,000 kwa mtu kwa mwaka, na hisa za mtu katika kampuni huhesabiwa humo. Mwanachama mmoja asipoleta karatasi zake, fungu lake la malipo hukwama. Kwa hiyo itisheni kikao mapema, na kila mtu aje na nyaraka zake.

Hatua ya 3: Litembee shamba baada ya mvua

Hapa ndipo uamuzi wenyewe ulipo, na ndipo wengi wanaporuka. Nenda siku moja au mbili baada ya mvua kubwa ya Mei, mahindi yakiwa bado mafupi na ardhi iko wazi. Vaa mabuti, beba sepetu.

Anzia juu ya kilima ushuke na mteremko. Utaona vifereji vyembamba, vingine havizidi upana wa kidole, vikianzia katikati ya mistari ya mahindi. Hatua chache mbele vinaungana viwili viwili, na ukifika nusu ya mteremko vimekuwa mfereji ambao mguu wako unaingia. Ufuate mpaka chini, kwenye uzio au ukingo wa kijito. Pale kuna tope laini jeusi limejikusanya, na mahindi yaliyokuwa pale yamezikwa hadi ncha za majani ndizo zinazoonekana. Tope lile ni udongo wa juu wa shamba lako, pamoja na mbolea uliyolipia Aprili. Mwenye shamba akishaona kitu hicho kwa macho yake, mazungumzo ya CRP huwa mengine kabisa.

Chimba mahali pawili. Bondeni udongo mweusi unaweza kwenda chini hadi sepetu inazama yote. Kwenye mgongo wa kilima, mara nyingi udongo wa kahawia au wa njano unaanza karibu kabisa na uso. Sehemu hiyo imeshapoteza kilichokuwa kinailisha, na kuiongezea mbolea kila mwaka ni kulipia hasara iliyokwisha kutokea.

Kisha mwombe mpangaji au mwenye kombaini ramani za mavuno. Kombaini nyingi za siku hizi huandika mavuno kila hatua inayopita. Omba za miaka 3 au zaidi, maana mwaka mmoja wa ukame au mafuriko unadanganya. Idara ya NRCS, ndugu yake FSA upande wa ufundi, ina ramani za udongo za nchi nzima ambazo unaziangalia bure kwenye intaneti kwa jina Web Soil Survey. Ziweke pamoja na ramani za mavuno, uchore kwa kalamu nyekundu: mgongo wa kilima, njia ya maji, kona ambazo mashine kubwa zinageukia kwa shida, ukingo unaokaa kivulini mwa miti, pale maji yanaposimama hadi Juni. Karatasi hiyo utaibeba hadi ofisini.

Kama mmomonyoko umeenea shamba zima la mteremko, uliza kuhusu mistari ya nyasi na maua asilia ya nyika, ambayo sheria ya 2018 iliipokea rasmi ndani ya CRP. Watafiti wa Iowa State University walianza kuipima mwaka 2007 kwenye hifadhi ya Neal Smith. Waliona kwamba kugeuza asilimia 10 ya shamba kuwa mistari ya nyasi hizo kunapunguza upotevu wa udongo kwa asilimia 95. Mistari huwa na upana wa kati ya futi 30 na 120, na mazao yanaendelea kulimwa katikati yake. Kwangu mimi huo ndio mpango mzuri kuliko yote CRP iliyo nayo kwa mwenye shamba la mteremko ambaye bado anataka kulima.

Hatua ya 4: Piga hesabu kipande kwa kipande

Pango la CRP halipangwi kwa kubembelezana. FSA huangalia aina za udongo zilizotawala kipande chako pamoja na wastani wa pango la mashamba katika kaunti. Kwa sheria ya 2018, uandikishaji wa jumla hulipwa kwa kiwango kisichozidi asilimia 85 ya wastani huo, na endelevu asilimia 90. Baadhi ya vipande vya uandikishaji endelevu vina nyongeza za kuvutia waombaji. Uliza, maana ofisa akiwa na foleni huenda asikumbuke kuzitaja. Serikali pia huchangia hadi nusu ya gharama ya kuotesha.

Huu ni mfano, weka namba zako. Tuseme una ekari 7 za mteremko zinazotoa busheli 110 za mahindi kwa ekari (busheli ni kipimo cha nafaka, kama kilo 25 za mahindi), huku bondeni ukipata 200. Bei ni dola 4.20 kwa busheli. Mbegu, mbolea, dawa, mafuta na usafiri ni dola 450 kwa ekari. CRP inatoa dola 180.

Mteremko: 110 mara 4.20 ni dola 462. Toa 450, unabaki na dola 12 kwa ekari.

CRP: pango ni dola 180. Kuotesha kunagharimu dola 250 kwa ekari, serikali inalipa 125, zako ni 125. Ukizigawa kwa miaka 10 ni dola 12.50 kwa mwaka. Tenga dola 15 kwa mwaka za kupambana na magugu. Unabaki na takriban dola 152.

Sasa tafuta mpaka: 450 jumlisha 152 ni 602, gawanya kwa 4.20, unapata busheli 143. Katika mfano huu, ardhi isiyofika busheli 143 kwa wastani inalipa zaidi ikiwa na nyasi, na ile inayozidi hapo ilimwe. Rudi kwenye ramani ya mavuno ukaone mpaka huo unapita wapi. Kisha rudia hesabu ukitumia bei ya juu, tuseme dola 6, uone kama bado una amani. Ninasisitiza hili kwa sababu ya yaliyotokea: mwaka 2007 CRP ilifika karibu ekari milioni 37, halafu bei za nafaka zikapanda, mikataba mingi iliyokuwa inaisha haikufanywa upya, na jumla ikashuka hadi karibu milioni 24. Waliokuwa katikati ya mkataba waliziangalia bei hizo kwa mbali.

Kuna mengine hesabu hii haiyaoni. Mkopo wa trekta hautapungua kwa sababu umepunguza ekari 7. Pango la CRP halipandi katika miaka yote ya mkataba hata maisha yakipanda. Na kama shamba lina ekari za msingi zinazopata malipo mengine ya serikali ya kufidia bei, uliza kwa namba ni kiasi gani utapoteza ukiziandikisha.

Kwa wanaotuma pesa nyumbani: malipo huja mara moja kwa mwaka, kuanzia Oktoba. Usimwahidi fundi wa Kahama au Machakos mabati ya Machi kwa pesa ya CRP.

Hatua ya 5: Soma masharti ya kutoka kabla ya masharti ya kuingia

Mkataba wenyewe ni fomu CRP-1, karatasi chache tu. Masharti yenyewe yako kwenye kiambatisho chake, na hicho ndicho cha kusoma. Omba nakala uende nayo nyumbani. Kama Kiingereza cha kisheria kinakulemea, kaa na mtu unayemwamini mpitie mstari kwa mstari.

Ukivunja mkataba, kwa kawaida unarudisha malipo yote uliyokwisha kupokea tangu mwaka wa kwanza, pamoja na riba, pamoja na ruzuku ya kuotesha, na juu yake fidia ya asilimia 25 ya pango la mwaka mmoja. Maana yake, kutoka mwaka wa nane ni ghali kuliko kutoka mwaka wa pili.

Ukiuza shamba, mnunuzi anaweza kuurithi mkataba. Asipofanya hivyo ndani ya siku 60, mkataba unakufa, na anayedaiwa ni wewe. Hivyo kama kuna uwezekano wa kuuza ndani ya miaka 10, mwambie wakili aandike kwenye mkataba wa mauzo kwamba mnunuzi atauchukua. Fikiria pia ukubwa wa familia: mzee akifariki, je, warithi watakubaliana? Mwenye mpango wa kurudi nyumbani kwa kudumu baada ya miaka 5 na kuuza kila kitu, kwa maoni yangu, asitie sahihi.

Hatua ya 6: Amua nani atafanya kazi

CRP si kufunga geti na kuondoka. Miaka 2 au 3 ya mwanzo magugu huwahi nyasi, na shamba huonekana kama limetelekezwa. Majirani watalalamika, hasa kuhusu magugu ya miiba ambayo sheria za majimbo mengi zinakutaka uyadhibiti. Utakata, lakini si wakati wowote: kuna msimu wa ndege kutaga ambapo kukata ni marufuku bila kibali. Iowa msimu huo ni tarehe 15 Mei hadi 1 Agosti. Katikati ya mkataba utatakiwa kufanya usimamizi, kwa mfano kuchoma moto kwa utaratibu au kutifua kidogo na kupanda jamii ya kunde, ili nyasi zisizeeke.

Kwa milango miwili ya kwanza, majani yenyewe huvuni wala hulishi mifugo isipokuwa kwa kibali, mara nyingine kwa kukatwa sehemu ya pango. Mwaka 2012, ukame ulipopiga majimbo mengi, Wizara iliruhusu dharura hiyo. Usipange biashara ya ng'ombe kwa kutegemea kibali cha dharura.

Uwindaji ni mali yako. Kuingia CRP hakuwapi wananchi haki ya kuingia shambani, na unaweza kuwakodishia wawindaji shamba.

Kama unaishi Dallas na shamba liko Missouri, tafuta mtu wa kaunti ile na mkubaliane bei ya kukata na kupiga dawa kabla ya kuomba. Kwa ekari chache mara nyingi mpangaji wako ndiye anayefaa, maana mashine zake ziko hapo hapo.

Hatua ya 7: Zungumza na wanaohusika

Mpangaji kwanza. Kanuni za mpango zinamlinda: huwezi kumwondoa shambani ili upate kuandikisha. Na hata bila kanuni, mtu aliyekulimia kwa uaminifu asisikie habari hii ofisini. Mwonyeshe ile karatasi ya kalamu nyekundu. Wapangaji wengi wanazijua sehemu mbovu kuliko sisi, na hushukuru kupunguziwa kona zinazowasumbua.

Halafu benki yenye rehani. Halafu mhasibu, akueleze malipo yataingiaje kwenye kodi ya mapato na kama utalipia kodi ya kujiajiri. Jibu hutofautiana, hasa kwa anayepokea pensheni ya Social Security.

Hatua ya 8: Ofisini

Weka miadi. Beba hati ya shamba, kitambulisho, namba ya Social Security au ya kampuni, ramani yako na swali la nyongeza za malipo. Utajaza pia ahadi ya kutolima ardhi yenye mmomonyoko mkubwa bila mpango wa kuihifadhi na kutokausha ardhioevu ili kulima. Ahadi hiyo inahusu mashamba yako yote, siyo kipande unachoandikisha pekee.

Fundi atakuja kukiona kipande na kuandika mpango: mbegu gani, kiasi gani, lini. Hapa bisha kama una sababu. Mchanganyiko wa mbegu wenye maua mengi una faida kubwa kwa nyuki, lakini ni ghali na unahitaji uvumilivu. Ukanda wa nyasi wa kuchuja maji unaweza kuwa rahisi zaidi. Kamati ya kaunti ndiyo inayoidhinisha. Usinunue mbegu wala kupanda kabla ya idhini, maana unaweza kukosa ruzuku.

Ukishaingia, kila mwaka ripoti ekari zako FSA pamoja na za CRP. Tarehe ya mwisho kwa majimbo mengi ya mahindi ni 15 Julai.

Hatua ya 9: Panga mwaka wa mwisho tangu sasa

Mkataba ukiisha una njia nne: kuomba upya, kuacha nyasi kwa malisho, kurudi kulima, au kuuza. Ukirudi kulima ardhi ya mmomonyoko mkubwa, utahitaji mpango wa hifadhi ulioidhinishwa na NRCS. Bila huo unahatarisha malipo mengine yote.

Kuna njia moja ambayo watu wetu hawaijui vya kutosha, na inawafaa pande zote mbili. Mwenye CRP inayoisha akimuuzia au kumkodisha kwa muda mrefu mkulima anayeanza, yaani asiyezidi miaka 10 katika kilimo, au askari wa zamani, anaweza kulipwa hadi pango la miaka 2 ya ziada. Mkulima huyo asiwe ndugu wa familia yake, na alime kwa njia za kuhifadhi udongo. Huitwa Transition Incentives Program. Kwa hiyo kama wewe ndiye unayetafuta shamba la kukodi, Mkongo au Mrundi uliyelima nyumbani na sasa unabanana kwenye bustani ya mjini, nenda FSA ya kaunti unayoitaka uulize kuhusu TIP, kisha ongea na wazee wenye mikataba inayokaribia mwisho. Anza mwaka mmoja kabla, kwa sababu nyasi zinahitaji kushughulikiwa na karatasi zinahitaji sahihi za pande zote mbili.